Chafya Mbele ya Akko

Jumamosi asubuhi Hawo aliingia kazini na mifuko miwili, mmoja wa chakula na mmoja wa nguo. Huo wa nguo ndio aliouangalia kama yai. Ndani yake mlikuwa na dera la kijani lililofuliwa kwa Judy, likaanikwa kwenye kamba ya Judy, likapigwa pasi juu ya meza ya Judy, na tangu linunuliwe halikuwahi kulala hata siku moja nyumbani kwao Bulla Pesa. Alijifungia chooni, akavua nguo alizotoka nazo nyumbani, akazikunja na kuzifungia mbali. Akanawa uso, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kisha akavaa lile la kijani na kujitanda shungi jeupe. Alipofungua mlango alimkuta Judy, muuguzi mwenzake, amesimama na trei ya sindano mkononi, anacheka kwa pua.

"Aki Hawo! Wenzako wakienda kuonana na wapenzi wao wanajipaka manukato. Wewe unajitoa manyoya ya paka."

"Punguza sauti, Judy. Daktari yuko ndani."

"Kwani Daktari hajui? Si ni yeye alisema mimi ndiye nimchome Jaldesa, wewe usimguse? Basi mimi ndiye nauona huo mkono kila mwezi. Mkono mzuri, hata mishipa yake haijifichi."

"Judy!"

"Nasema kama muuguzi tu, dada. Kama muuguzi."

Hawo akacheka bila kutaka. Ni kweli Daktari Abdinajib alijua. Siku Hawo alipotambua kwamba moyo wake umekwenda kwa mtu aliye ndani ya utafiti, alibisha mlango wa Daktari, akasema huku anatazama sakafu. Daktari alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kupanguswa, kisha akasema, "Vizuri umesema. Kuanzia leo sampuli zake ni za Judy."

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la buluu, na watu wa Isiolo walikicheka kilipofunguliwa. Walizoea utafiti wa malaria, wa ngamia, wa maji. Huu ulikuwa wa aleji ya paka. "Paka?" waliulizana sokoni. "Serikali imemaliza magonjwa mengine?" Lakini waliokuwa wakiumia walikuja kimyakimya: mwalimu ambaye macho yalimvimba kila akienda kwa mama mkwe wake, mama wa duka la nafaka aliyehitaji paka kwa sababu ya panya na hakuweza kupumua kwa sababu ya paka. Walichomwa sindano zenye chembe ndogo sana za kile kitu kinachotoka kwenye mate na ngozi ya paka. Kidogo mara ya kwanza, kikiongezwa polepole, ili mwili ukizoee na uache kukipigia kelele.

Shida ni kwamba sindano hizo haziwafai wote. Mmoja atachomwa na baadaye ampakate paka kama mtoto. Mwingine atachomwa vilevile, muda uleule, na paka akikatiza tu barazani macho yanamfura. Hakuna aliyejua mapema nani ni nani. Ndiyo maana pale kituoni waliwatoa watu damu, na wakawapitishia ndani ya pua brashi ndogo laini kama ya wanja, wakitafuta alama: kitu fulani ndani ya mwili kitakachosema tangu mwanzo, huyu zitamfaa, huyu msimsumbue bure. Walikuwa bado wanatafuta. Alama ziliitikia leo na kunyamaza kesho, na Daktari Abdinajib alizeeka kidogo kila majibu yalipotoka Nairobi.

Jaldesa hakuletwa pale na ugonjwa. Aliletwa na friji. Yeye alikuwa fundi wa friji na matangi ya kupozea maziwa, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo, kama mtu aliyezoea kuchungulia nyuma ya vyombo vya watu. Friji ya sampuli ilipoharibika aliitwa yeye, na Hawo ndiye aliyemshikia tochi. Kila Hawo aliposogea, Jaldesa alipiga chafya. Akisogea, chafya. Akirudi nyuma, kimya. Mwishowe Jaldesa alitoa kichwa nyuma ya friji, macho mekundu, akasema, "Samahani dada, kwenu mna paka?" Hapo ndipo walipoanza, na hapo ndipo naye alipoandikishwa kwenye utafiti. Pua yake ilimjua Hawo kabla ya macho yake, na baadaye wote wawili walilicheka jambo hilo mpaka wakashika mbavu.

Leo hakukuwa na kicheko. Jaldesa alitoka kwa Judy akiwa ameukunja mkono juu ya pamba, akamkuta Hawo amekaa kwenye benchi la nje, upande wa kivuli. Akaketi mwisho wa benchi. Walitazamana, kisha kila mmoja akatazama kwingine, kama watu wanaokwepa jua.

"Umevaa la kijani," Jaldesa alisema.

"Nimevaa la kijani."

"Napumua vizuri."

"Ndiyo maana nimelivaa." Hawo alinyoosha ukingo wa shungi lake. "Jaldesa, kesho baada ya adhuhuri Abba amemwita mzee wako. Anataka achukue buna yake arudi nayo."

Wote wawili walikuwa wanaiona buna hiyo machoni mwao: punje za kahawa zilizokaushwa na maganda yake, kwenye mkebe wa bati, juu ya kabati la mama yake Hawo. Kwa Waborana, mzee wa mvulana hupeleka buna kwa kina msichana. Wakikubali, wanawake wa nyumba hung'ata ncha ya kila punje ili samli iingie, kisha huikaanga, wakatia maziwa, wote wakala na kujipaka yale mafuta kwa baraka. Buna ikishang'atwa, imekubaliwa, haiwezi kurudi ilikotoka. Ile ya Jaldesa ilikuwa bado nzima.

Na sababu ilikuwa ile siku yenyewe ilipoletwa. Kina Hawo walimpokea vizuri mno. Wakampa kiti cha heshima, kile kiti cha mto laini karibu na moto, wala hawakumwambia kwamba mto ule ndio kitanda cha Biskuti, paka wa Akko, bibi yake Hawo. Mchumba haombi kubadilishiwa kiti. Mchumba hasemi neno baya juu ya kitu chochote cha nyumba ile. Jaldesa alikaa, na chafya ikamjia, akaimeza, maana aliona si adabu kumpigia chafya mama mkwe usoni. Ya pili akaimeza. Ya tatu ikashuka kifuani, na kutoka hapo hakuweza tena. Alikohoa mpaka akashika ukuta, kifua kikipiga mluzi kama birika. Wazee wakatazamana. Mzee wake mwenyewe, kwa kumhurumia, akamketisha tena juu ya ule mto. Mzee Jattani, baba yake Hawo, aliufunika mkebe wa buna kwa mkono wake, polepole, akasema, "Tungoje kwanza."

Mdogo wake Mzee Jattani alikufa kwa kifua kikuu kule Garbatulla, baada ya watu kusema kwa muda mrefu kwamba ni vumbi tu. Yeye hakutaka tena kusikia kikohozi ndani ya nyumba yake.

"Wanadhani nina TB," Jaldesa alisema.

"Wanadhani una TB. Na mimi najua huna, na mdomo wangu umefungwa. Ya mgonjwa wa hapa siyatoi nje ya hili lango, hata kwa mama yangu mzazi. Wewe ndiye mwenye mdomo. Kwa nini husemi?"

"Niseme nini, Hawo? Nimwambie Akko kwamba kile kiumbe anachokipenda ndicho kinachonikaba? Paka aliyeachiwa na marehemu mumewe? Si ulinieleza mwenyewe, babu alimwokota njiani akitoka msikitini, akamleta ndani ya kofia?"

"Nilikueleza."

"Basi. Nikisema, Akko atamtoa yule paka kwa ajili yangu. Halafu hizi sindano zishindwe, niendelee kukohoa kwa unywele uliobaki kwenye mkeka. Nitakuwa nimemnyang'anya mzee kipenzi chake, na mkwe bado ni mgonjwa. Hapana." Akageuka, akamtazama sasa sawasawa, kwa yale macho ambayo Hawo aliyaota. "Niambie damu yangu inasema nini. Mmeipima mara nyingi. Hakuna hata dalili? Hata kidogo?"

"Majibu yako siyaoni. Yanakwenda Nairobi bila jina. Na hata Daktari hajui kama unachomwa dawa au maji. Wengine ni dawa, wengine ni maji yanayofanana nayo, na imefichwa mpaka utafiti uishe."

"Lakini hizo alama mnazotafuta..."

"Tunatafuta, Jaldesa. Tunatafuta. Kama tungekuwa tumepata, Daktari Abdinajib asingekuwa na mvi zile."

Jaldesa akafungua mkono wake, akaitazama pamba iliyokuwa na tone dogo jekundu. "Basi ningoje. Zikipatikana zikasema zitanifaa, nitarudi kwa baba yako nimesimama wima."

"Na zikisema hazitakufaa?"

Jaldesa aliukunja tena mkono juu ya pamba.

"Nimekuuliza, Jaldesa. Zikisema hazitakufaa?"

"Basi..." Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu mrefu vile. "Basi nitakuachilia. Uolewe na mtu anayeweza kuingia kwenu."

Hawo alisimama. Judy, aliyekuwa anajifanya kupanga chupa karibu na dirisha, aliacha kupanga.

"Kwa hiyo ni damu yako iliyonichumbia?" Hawo alisema, na shungi jeupe likamteleza begani asilione. "Ikikubali, unanioa. Ikikataa, unanipa mkono wa buriani. Nilidhani ni wewe uliyenichumbia."

"Hawo, mimi nakuhurumia tu..."

"Usinihurumie! Nani kakuambia nahitaji mume asiyepiga chafya? Mimi nafua nguo kwa watu. Nabadilisha nguo chooni kama mwizi. Nanawa mpaka viwiko kama naingia kumpasua mtu. Umewahi kunisikia nikiuliza damu yako kama inaniruhusu?"

Jaldesa aliinuka nusu, akaketi tena.

"Sisi hapa tukitafuta hizo alama, tunamtafutia mtu njia ya kupona. Hatumtafutii sababu ya kukimbia." Alilivuta shungi, akalitengeneza vizuri, maana hata akikasirika Hawo hakupenda kukaa ovyo. "Kesho baada ya adhuhuri. Ukija, njoo na mdomo wako. Damu yako iache Nairobi."

Akaingia ndani. Mlango haukubamizwa, ulifungwa taratibu, na hilo lilimwumiza Jaldesa zaidi. Judy alichungulia dirishani.

"Kaka," alimwambia Jaldesa, "hiyo pamba unaweza kuitupa sasa. Damu ilikatika zamani."

*

Nyumbani jioni hiyo Akko Kuno alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, Biskuti amejikunja mapajani pake. Alikuwa paka wa rangi ya biskuti ya maziwa, mnene, mwenye sikio moja lililopasuka kwenye ugomvi wa zamani. Mama yake Hawo, Faduma, alikuwa muuza maziwa ya ngamia, na paka hanenepi bure katika nyumba ya muuza maziwa. Hawo alikuwa amerudia nguo zake za nyumbani. Akakaa karibu na bibi yake na kuanza kumkanda miguu.

"Akko, ukiniona mimi leo utasemaje?"

"Nitasema umelia, kisha ukanawa uso." Akko alikuna lile sikio la paka. "Ni yule fundi?"

"Ni yeye."

"Hawo, wewe unafanya kazi na madaktari. Kifua cha yule kijana kikoje? Niambie mimi, nife na siri hiyo."

Hawo aliendelea kukanda. Neno moja tu lilitosha. Lilikuwa kwenye ulimi wake, jepesi kama punje ya mtama. Paka mwenyewe alikuwa pale, anakoroma. Lakini alikumbuka wale wote waliompa mikono yao wakiamini kwamba wanachomwambia kitabaki pale.

"Akko, vifua vya watu siulizwi mimi. Huulizwa wenyewe."

Bibi alimsogezea mguu wa pili. "Haya," alisema. "Kanda na huu mwingine."

*

Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Duba alifika. Alikuwa baba mdogo wa Jaldesa, ndiye aliyeileta ile buna, mzee mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alitembea kama mtu anayekwenda kuzika. Aliingia, akatoa salamu, akaitikiwa, akaketi. Mkebe wa buna ulikuwa tayari umeteremshwa, uko katikati ya mkeka. Hawo alisimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni.

"Salaam aleikum," sauti nyingine ilisema nje.

"Aleikum salaam," Mzee Jattani alijibu, akainua kichwa. "Nani? Jaldesa? Ingia."

Hakuna aliyeingia. Kupitia pazia Hawo alimwona amesimama uani, mbele ya kizingiti, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, viatu bado miguuni.

"Ingia, kijana, nimesema."

"Mzee Jattani, sitaingia."

Mzee Duba alishika ndevu zake. Kuambiwa ingia na ukabaki mlangoni, tena na mkwe! Faduma aliacha kumimina maziwa. Mzee Jattani alinyanyuka nusu.

"Hutaingia nyumbani kwangu?"

"Natamani kuingia kuliko ninavyotamani kula. Lakini nikiingia nitakohoa, na nikikohoa hamtanisikia. Naomba nisemee hapa." Alivuta pumzi. "Mimi sina kifua kikuu. Nina aleji ya paka. Siku ile mlinipa kiti chenye mto, na mto ule ulikuwa na manyoya. Chafya zilinijia nikazimeza kwa kuwaheshimu, zikageuka kikohozi. Kosa si la kiti. Kosa ni langu, nilipaswa kusema na nikaona haya."

Akko Kuno ndiye aliyesema wa kwanza.

"Paka?"

"Ndiyo, Akko."

"Paka yupi? Huyu Biskuti?"

"Yeye na wote, Akko. Simchukii. Mwili wangu ndio haumwelewi."

"Wallahi!" Akko alipiga mkono pajani, na Biskuti akashtuka. "Mimi nimemwombea kijana huyu kifua kila swala, kumbe ningemwombea pua!"

Faduma alicheka ndani ya mtandio wake. Mzee Jattani hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama uso kwa uso na Jaldesa, kizingiti kati yao.

"Mdogo wangu pia walituambia ni vumbi," alisema polepole. "Tulicheka hivi hivi. Nitajuaje?"

"Najua habari yake, Mzee, Mungu amrehemu. Mimi nachomwa sindano za aleji pale kituo cha bati la buluu, na kabla hawajaanza kunichoma walinipima kifua. Kesho twende wote, Daktari akueleze mimi nikiwa nimeketi hapo. Na leo..." Macho yake yalitafuta pazia la jikoni, yakalipata. "Leo yupo mtu hapa anayejua. Amenyamaza kwa sababu ni kazi yake kunyamaza. Hawo, nakuruhusu. Waambie."

Kila uso uligeuka. Hawo alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa dera la nyumbani lenye madoa ya maziwa, lakini Jaldesa alimtazama kama vile ametoka kwenye harusi.

"Ni kweli, Abba," alisema. "Kifua chake ni kizima. Ni paka tu."

"Na wewe ulijua muda wote huu?" mama yake akauliza.

"Nilijua, Mama."

"Hata jana nikikuuliza?" Akko alidakia. "Nimekubembeleza na miguu yangu inayouma, ukanyamaza?"

"Ilikuwa yake kusema, Akko."

Akko alimtazama mjukuu wake, akatikisa kichwa, na midomo yake ikakunjika kama anayezuia tabasamu. "Basi na siri zangu nitakupa wewe."

Mzee Jattani alikuwa bado amesimama mlangoni, lakini mabega yalikuwa yameshuka. "Na hizo sindano," alimwuliza Jaldesa, "zitakuponya lini?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Kuna wanaofaidika na kuna wasiofaidika, na hao madaktari wanatafuta alama kwenye damu ya kuwajulisha mapema. Hawajaipata. Pengine nachomwa maji matupu. Nilitaka kungoja nijue ndipo nije." Alimtazama Hawo. "Kuna mtu akaniuliza kama ni mimi ninayechumbia au ni damu yangu. Nimekuja bila kujua, Mzee. Zikinifaa, nitakaa kwenye ule mto. Zisiponifaa, nitakaa hapa uani maisha yangu yote, mvua na jua, na nitakuamkia kila siku kutoka hapa hapa. Ila sitaki Akko amtoe paka wake. Hilo naliomba kwanza."

Hawo aliinamisha uso ili watu wasimwone anavyotabasamu.

"Nani alisema namtoa?" Akko alianza kujinyanyua, mkono mmoja kwenye bega la Faduma, mwingine umemkumbatia Biskuti. "Huyu aliletwa na mume wangu ndani ya kofia. Anabaki na mimi kwenye chumba changu, mlango umefungwa. Hawa watapanga nyumba yao kwingine, si hata hapa Bulla Pesa nyumba za kupanga zimejaa? Nikitaka kuwaona nitaoga, nitavaa nguo safi. Hawo, lile dera la kijani unalolificha kwa rafiki yako, na mimi nishonewe la namna hiyo."

"Akko! Ulijua kuna dera?"

"Najua nguo zote za watu wa nyumba hii, hata zisizolala humu. Sababu ndiyo sikuijua. Nilidhani umeshonewa fupi." Akageuka kwa mwanawe. "Jattani, nani kasema buna lazima ikaangiwe ndani? Mama yangu alikaanga yangu nje, kwenye upepo, na nilizaa watu saba. Toa moto."

Mzee Jattani alisimama kidogo, akamtazama mama yake, akamtazama Jaldesa aliyekuwa bado hajavuka kizingiti hata kwa kidole. Kisha akainama, mwenyewe, mzee mzima, akalibeba lile jiko la makaa kwa vitambaa viwili na kupita nalo mlangoni.

"Sogea, kijana," alisema. "Utaungua kanzu."

Walitandika mkeka uani, mahali upepo ulipopita vizuri. Biskuti alifungiwa chumbani, akalia kidogo, akanyamaza. Akko alinawa mikono mara mbili kwa sabuni, akajifunga mtandio mpya wa Faduma, akaketi na kuufungua mkebe. Alichagua punje moja, akaigeuza-geuza kwenye mwanga, akaitia upande wa kushoto wa kinywa, kule alikobakiwa na meno. Wote walikisikia kile kisauti kidogo. Tk.

Mzee Duba alifunga macho, midomo yake ikasema kitu kwa Mungu.

"Ya pili ni yako," Akko alisema, akimpa Hawo mkebe.

Hawo aling'ata. Kahawa kavu ilikuwa chungu, na hakupata kuonja kitu kitamu kama kile. Alipoinua macho, Jaldesa alikuwa anamtazama toka upande wa pili wa moto, na hakuna hata mmoja aliyekwepa. Faduma akatia samli. Punje zikaanza kupasuka na kuruka kwenye sufuria, harufu ikapanda ikawajaa wote, na maziwa yalipomiminwa moshi mweupe ulifunika nyuso.

Akko alichovya vidole kwenye bakuli la mbao lenye samli ya buna, akajipaka mikononi, akasogea kumpaka Jaldesa kwenye paji la uso. Alikuwa ameoga, ndiyo, na mtandio ulikuwa mpya. Lakini mtu aliyelala na paka miaka mingi haoshwi akatakata kwa siku moja. Jaldesa alikaza mdomo. Pua ikatetemeka. Macho yakajaa maji. Hawo alimwona anavyoanza kuimeza, kama siku ile.

"Jaldesa," alimwambia taratibu mbele ya watu wote. "Iache itoke."

Akageuza uso kando, akaiachia. Ilikuwa chafya kubwa, ya mtu mrefu, na kuku wa jirani wakakimbia.

"Alhamdulillah," alisema, akijipangusa kwa aibu.

Hiyo ndiyo chafya waliyonyimwa siku ile, chafya ambayo kila Mwislamu anajua kuijibu kwa kumwombea mpigaji rehema. Akko Kuno hakungoja mtu mwingine amtangulie. Mkono wake wenye samli ulikuwa bado juu ya paji lake.

"Yarhamukallah," alimjibu, "mwanangu."